Kichupa cha darini kinachowahi moto kabla ya zimamoto

Na Mwandishi Wetu Maalumu

UKIINGIA katika hoteli kubwa ya Dar es Salaam, jengo la benki la Nairobi au duka kubwa la Kigali, inua macho utazame darini. Mara nyingi utaona vitu vidogo vya chuma vimechomoza kwenye mabomba, vimepangwa kwa mistari kama miche ya kahawa, kila kimoja kikiwa mbali na mwenzake kwa hatua nne hivi. Katikati ya kila kimoja kuna kichupa cha kioo, chembamba kuliko penseli, chenye maji mekundu ndani yake. Wengi wetu tunapita chini yake kila safari ya kufuata mzigo na hatujui ni kitu gani. Wengine hudhani ni taa iliyokufa, na wengine hudhani ni kamera ya mwenye duka.

Kitu hicho ni kinyunyizi cha moto. Mafundi wengi wanakiita sprinkla, na wenzetu waliosoma kwa Kifaransa wana jina lao. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kumwaga maji juu ya moto pale pale unapoanzia, bila kusubiri mlinzi aamke, bila umeme kuwapo na bila mtu kupiga simu.

Nimeona vyema kukieleza kitu hiki kwa sababu wengi wanaosoma ukurasa huu ni watu wa mzigo. Itakumbukwa kwamba asubuhi ya Jumapili, Januari 27, 2013, Soko Kuu la Bujumbura liliungua. Moto ulikula vibanda na bidhaa saa baada ya saa, na ilibidi helikopta zitoke Rwanda kuja kusaidia kuuzima. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Desemba 2012, kambi ya Mtabila mkoani Kigoma ilikuwa imefungwa na maelfu ya watu wetu walikuwa wamerejea nyumbani. Waliokuwa na meza sokoni walipoteza mtaji, na waliokuwa wamekopa benki walibaki na deni la bidhaa ambazo zilikuwa zimekwisha kuwa majivu.

Si sisi peke yetu. Soko la Owino la Kampala liliungua mwaka 2009 na likaungua tena mwaka 2011. Duka la Nakumatt katikati ya Nairobi liliteketea Januari 28, 2009 na watu wengi wakafia ndani. Gikomba imeungua mara nyingi kiasi kwamba wenyeji wameacha kuhesabu. Usiku wa Julai 10, 2021 ilikuwa zamu ya jengo la soko la Kariakoo. Kwa mfanyabiashara wa mpakani hizi si habari za nchi za nje, maana mzigo wake unatoka huko na mara nyingine umelala huko ukisubiri gari.

Ukifuatilia habari za moto wa masoko utasikia lawama ile ile, kwamba gari la zimamoto lilichelewa, halikuwa na maji au halikuweza kupita kati ya vibanda. Lawama hizo zina ukweli, lakini hata gari likifika kwa dakika kumi na tano, na kwa miji yetu hiyo ni bahati, moto wa nguo na magodoro unakuwa umeshapanda darini na kushika vibanda vya jirani. Moto ule ule katika dakika ya kwanza ungezimwa na ndoo mbili. Kinyunyizi kimetengenezwa kwa ajili ya dakika hizo za mwanzo ambazo hakuna mtu.

Dumu la mawese la Rumonge

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Sekondari nilisomea kambini, mkoani Kigoma, katika darasa ambalo halikuwa na kipimajoto hata kimoja, kwa hiyo kanuni ya kutanuka kwa vimiminika tuliikariri kama shairi. Leo nikiwafundisha watoto wa hapa sihitaji maabara, kwani nina mfano wa mawese.

Kila mtu anayesafirisha mawese kutoka Rumonge anajua kwamba dumu halijazwi hadi mdomoni. Ukilijaza alfajiri kukiwa na baridi, ukalifunga na kulipakia kwenye gari, likifika saa nane mchana kwenye jua litaanza kutoa mafuta kwenye kifuniko, na likiwa limefungwa barabara litavimba. Mafuta yametanuka. Hayajaongezeka hata tone, ila yale yale yanahitaji nafasi kubwa zaidi. Ndiyo maana wazoefu huacha pengo la hewa juu.

Kichupa cha kinyunyizi ni dumu hilo hilo, isipokuwa limetengenezwa kwa kioo na pengo lake limepimwa kwa uangalifu mkubwa. Ndani yake kuna kimiminika kinachotanuka kwa wepesi kikipata joto, na ndani ya kimiminika hicho kumeachwa kipovu kidogo cha hewa. Ukikitazama kichupa kwa karibu utakiona. Joto likipanda, kimiminika kinatanuka na kipovu kinazidi kuwa kidogo. Joto likishuka, kipovu kinarudi. Hivyo kichupa kinaweza kukaa darini miaka mingi, mchana na usiku, kiangazi na masika, kipovu kikipungua na kuongezeka bila madhara yoyote.

Siku ya moto hali inabadilika. Kipovu kinaminywa hadi kinatoweka kabisa. Kuanzia hapo kimiminika hakina tena mahali pa kutanukia, na kimiminika si kama hewa, hakikubali kushindiliwa. Msukumo ndani ya kichupa unapanda ghafla na kioo kinapasuka vipande vidogo vidogo. Ukubwa wa kipovu alichokiacha mtengenezaji siku ya kwanza ndio unaoamua kichupa kitapasuka kwa joto gani. Sijui kama kuna chombo kingine cha kuokoa maisha ambacho siri yake yote ni kipovu cha hewa.

Kupasuka huko ndiko kunakofungua maji. Bomba la juu limejaa maji yenye msukumo wakati wote, na mdomo wa kinyunyizi umezibwa kwa kizibo kidogo. Kinachokishikilia kizibo kisitoke ni kichupa chenyewe, kimesimama kama nguzo chini yake. Nguzo ikivunjika, maji yanakitupa kizibo nje na kutoka kwa nguvu, yanagonga kisahani chenye meno kilicho mbele yake, na kisahani kinayatawanya kama mvua juu ya eneo la mita za mraba 12 hivi. Hakuna waya wala betri katika kazi yote hiyo. Umeme ukikatika usiku mzima, kichupa hakina habari.

Vipo pia vinyunyizi visivyo na kioo. Hivyo vina vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa kwa risasi, kama ile ya fundi redio, ila hii imechanganywa na madini mengine ili iyeyuke mapema, kwa nyuzi joto 70 hivi. Risasi ikiyeyuka, vipande vinaachana na kizibo kinatoka. Ufundi huu ndio wa zamani zaidi. Henry Parmelee, mtengenezaji wa piano wa mji wa New Haven nchini Marekani, alipata haki ya uvumbuzi wa kinyunyizi chake mwaka 1874, akakifunga katika kiwanda chake mwenyewe. Kabla yake viwanda vya nguo vya huko vilikuwa na mabomba yaliyotobolewa matundu darini, na moto ukitokea mtu anakimbia kufungua koki, maji yanamwagika kiwanda kizima, penye moto na pasipo moto. Aliyeuboresha ufundi wa Parmelee na kuueneza ni Mmarekani mwingine, Frederick Grinnell. Makampuni ya bima yaliwasaidia sana, kwa kumpunguzia malipo mwenye kiwanda aliyefunga vinyunyizi. Ilikuwa hesabu ya fedha, na ilifanya kazi.

Moshi hauhusiki

Hapa niseme juu ya sinema. Kuna ile picha ambayo tumeiona wote, ya mtu anayewasha kiberiti chini ya kinyunyizi na mara jengo zima linanyeshewa mvua, wageni wanakimbia wamelowa. Picha hiyo imewaharibia watu akili. Mwenye ghala akisikia neno kinyunyizi anaona mvua ya kwenye sinema ikimwagikia magunia yake yote kwa sababu ya mlinzi aliyevuta sigara.

Kwanza, kinyunyizi cha aina hii hakinusi moshi. Kile kinachonusi moshi ni chombo kingine, kile cheupe cha duara kinachopiga kelele. Moshi wa sigara, vumbi la saruji au mvuke wa sufuria ya maharage haukifanyi chochote kinyunyizi, maadamu joto pale kilipo halijafika kiwango chake. Pili, kila kichupa kinajitegemea. Kinachopasuka ni kile kilichopata joto, na jirani yake aliye hatua nne pembeni anabaki mzima kama joto halikumfikia. Moto mwingi unaowahiwa mapema huzimwa au kudhibitiwa na kinyunyizi kimoja au vichache tu. Kweli ipo mifumo ambayo vinyunyizi vyake viko wazi vyote na maji yanatoka kwa pamoja, lakini hiyo ni ya sehemu kama mabanda ya ndege na mitambo mikubwa ya umeme. Haifungwi katika duka la vitenge.

Ndugu zetu waliochukuliwa kutoka kambini kwenda Marekani, wale wa mwaka 1972 na watoto wao, wanaviona vinyunyizi hivi mpaka kwenye vyumba wanavyolala. Onyo wanalopewa wapangaji huko linatuhusu na sisi, nalo ni kutotundika nguo kwenye kinyunyizi. Hanga ikivuta kichupa, kinavunjika bila moto wowote, na maji yatatoka mpaka mtu afunge koki. Vilevile kinyunyizi hakipakwi rangi. Mpaka rangi anayetaka dari ipendeze akakipaka na kichupa, amekivisha koti, na joto litachelewa kukifikia.

Rangi za vichupa na mabati yetu

Maji ya ndani ya kichupa yametiwa rangi ili fundi asichanganye. Rangi ya chungwa ni nyuzi joto 57, nyekundu ni 68, manjano 79, kijani 93 na buluu 141. Zipo za juu zaidi kwa ajili ya viwanda vyenye tanuri. Nyekundu ndiyo inayoonekana sana mjini kwa sababu inafaa chumba cha kawaida chenye dari.

Kanuni inayofuatwa na mafundi ni kwamba kichupa kiwe juu ya joto kali kabisa linalotarajiwa mahali hapo kwa nyuzi 30 au zaidi. Piga hesabu mwenyewe. Nyuzi 68 ukitoa 30 unabaki na 38. Sasa simama kwenye stoo ya mabati isiyo na dari, pale Kigoma au Rumonge, saa nane mchana mwezi Septemba, halafu upande ngazi hadi karibu na bati. Joto la pale juu linapita 38 bila shida. Chini ya bati kama hilo kichupa chekundu kinaweza kukunyeshea siku ya jua kali pasipo moto wowote, kwa hiyo mahali pa namna hiyo hufungwa cha kijani. Fundi asiyeuliza paa lako ni la nini kabla ya kuagiza vichupa ni fundi wa kuogopwa.

Liko jambo jingine ambalo hupitwa haraka. Kichupa hakipasuki pale hewa inapofika nyuzi 68, kinapasuka pale kimiminika kilicho ndani yake kinapofika nyuzi 68, na kati ya hayo mawili kuna kuchelewa. Mama yeyote anaijua tofauti ya sufuria nyembamba na chungu kizito juu ya mkaa ule ule. Kichupa kinene cha milimita 5 ni chungu, na kile chembamba cha milimita 3 ni sufuria. Chembamba kinawahi kupasuka, kwa hiyo moto unakutwa ungali mdogo. Ndiyo maana mahali wanapolala watu, kama hotelini, hufungwa vile vyembamba.

Joto lenyewe linafikaje juu? Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda moja kwa moja hadi darini na kuanza kutambaa chini ya dari kutoka kila upande. Mtu aliyesimama mlangoni anaweza kuwa bado hajahisi kitu wakati darini juu ya moto kuna joto la kuchemsha chai. Lakini paa likiwa juu mno, au kuta zikiwa wazi na upepo unapita, hewa ile inapoa na kupeperushwa kabla haijakifikia kichupa. Masoko yetu mengi yamejengwa hivyo, paa la juu na pande wazi, na hiyo ni sawa kwa kupumua lakini ni vigumu kwa vinyunyizi. Katika soko la namna hiyo vinyunyizi hufaa zaidi kwenye stoo za ndani, maduka yenye milango na sakafu ya chini kuliko juu ya meza za wazi.

Mzigo utalowa

Pingamizi ninalolisikia zaidi kwa wafanyabiashara ni kwamba maji yataharibu mzigo. Silipuuzi. Sukari iliyolowa haiuzwi, na saruji iliyolowa ni jiwe. Anayeuza vitu hivyo ana haki ya kuuliza.

Tuweke hesabu mezani. Kinyunyizi cha kawaida cha dukani hutoa lita kati ya 60 na 80 kwa dakika. Hayo ni madumu matatu au manne ya lita 20. Mpira mmoja wa zimamoto hutoa mamia ya lita kwa dakika, na hufika ukiwa na mwenzake, na huelekezwa kwenye mzigo wote kwa sababu wakati huo mzigo wote unawaka. Chini ya kinyunyizi yatalowa marobota ya eneo la kama chumba kimoja. Kitenge kilicholowa kinaanikwa na kuuzwa kwa bei ya chini. Mtumba vivyo hivyo. Mwenye sukari na saruji apange mzigo juu ya mbao usiguse sakafu, kwani maji mengi yanaharibu yakiwa yametulia chini, na afunike kwa turubai safu ya nje. Bado atapata hasara, ila ni hasara ya magunia kadhaa.

Panapohitaji umakini zaidi ni namna tunavyopanga mzigo. Katika stoo zetu gunia linapandishwa hadi linagusa paa, maana kodi inalipwa kwa chumba na kila mtu anataka kukijaza. Kinyunyizi kinataka nafasi wazi ya sentimita 45 hivi kati ya kisahani chake na mzigo wa juu kabisa. Ukiijaza nafasi hiyo, maji yanagonga boksi la kwanza na kuishia hapo, na moto ulio nyuma yake unaendelea na kazi. Nimeona stoo ambamo vinyunyizi vimefichwa katikati ya maboksi kama mayai kwenye majani, na mwenye stoo anaonyesha hati yake ya ukaguzi kwa fahari.

Jambo la pili ni kubadilisha aina ya mzigo. Mfumo hupimwa kwa kile kitakachohifadhiwa. Ghala lililopimwa kwa maharage na mahindi halijapimwa kwa magodoro. Sponji ya godoro inatokana na mafuta ya petroli, inawaka kwa kasi na kwa joto kubwa kupita nafaka, na moto wake unahitaji maji mengi zaidi kwa kila mita ya mraba. Ndoo za plastiki, kandambili na viti vya plastiki viko kundi hilo hilo. Mwenye ghala akipata mpangaji mpya mwenye kontena la magodoro, vinyunyizi vya jana vinaweza kupasuka vyote na moto usitii.

La tatu nalisema nikijua litawaudhi baadhi ya jamaa zangu. Nyakati za uhaba wa mafuta watu huvusha petroli kwa madumu na kuyaficha nyuma ya duka, chini ya meza ya nguo, mahali popote ambapo askari hatatazama. Petroli ni nyepesi kuliko maji. Ukiimwagia maji inaelea juu yake huku ikiwaka, na maji yakitiririka inatiririka nayo hadi duka la jirani. Moto wa petroli unazimwa kwa povu maalumu au unga. Kinyunyizi cha duka la kawaida hakikutengenezwa kwa ajili yake, na hakuna rangi ya kichupa itakayolibadilisha hilo. Dumu moja la petroli katika safu ya maduka 20 linawafanya wote 20 kuwa kama hawana mfumo.

Maji yanatoka wapi

Kinyunyizi bila maji ni pambo. Kwa hiyo ukionyeshwa ghala la kupanga na mwenye nyumba akakuonyesha vichupa darini, mwombe akuonyeshe tangi.

Kanuni za Ulaya kwa maduka ya kawaida zinapiga hesabu ya lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa kila dakika, juu ya eneo la mita za mraba 216, kwa muda wa saa nzima. Zidisha, utapata lita 64,800. Hayo ni mapipa 324 ya lita 200, yakiwa yamewekwa akiba, hayatumiki kuoshea wala kupikia. Kwa hesabu hiyo utaona kwa nini simshauri mwenye kibanda kimoja aanze kutafuta vinyunyizi. Hiyo ni kazi ya mwenye soko, mwenye jengo, ushirika au manispaa, na kodi tunazolipa kila mwezi ndizo zinazotupa haki ya kuuliza. Katika mikutano ya soko huwa tunauliza juu ya vyoo, walinzi na ushuru. Tangi la moto sijalisikia likiulizwa.

Maji ya tangi yanahitaji pampu, na pampu inahitaji nguvu. Katika miji yenye mgao wa umeme pampu ya umeme peke yake haitoshi, inatakiwa nyingine ya dizeli inayojiwasha yenyewe msukumo ukishuka kwenye bomba. Na dizeli yake iwe ndani ya pampu, isiwe ndani ya gari la meneja. Nchi za baridi kali zina tatizo ambalo sisi hatuna, la maji kuganda bombani, kwa hiyo huko mabomba ya sehemu za nje hujazwa hewa kwanza na maji yanafuata moto ukitokea. Kwetu bomba linakaa na maji mwaka mzima.

Mara nyingi mfumo unapokosa kufanya kazi siku ya moto, kichupa hakina hatia. Uchunguzi wa Marekani wa miaka mingi umeonyesha kwamba sababu inayoongoza ni maji kuwa yamefungwa. Fundi alikuja kutengeneza bomba, akafunga koki kuu, akala chakula cha mchana, akaondoka. Au mlinzi aliona tone linadondoka akaifunga kimya kimya. Ndiyo sababu koki hiyo hufungwa mnyororo na kufuli ikiwa katika hali ya kufunguka, na karibu yake huwa kuna geji ya msukumo. Huhitaji kuwa fundi kusoma geji. Mshale ukiwa kwenye sifuri, juu hakuna kitu, hata vichupa viwe vimeng'arishwa namna gani.

Kando ya koki hiyo mara nyingi huwa na kengele isiyotumia umeme. Maji yakianza kutembea kwenye bomba yanazungusha gurudumu dogo, na gurudumu linagonga kengele ukutani nje. Mlinzi afundishwe sauti hiyo. Akiisikia usiku, jambo la kwanza ni kuwatoa watu na kuwaita zimamoto, maana kinyunyizi kinaudhibiti moto lakini mara nyingine kinaacha kaa chini ya mzigo ambako mvua yake haifiki. Asikimbilie kufunga koki akidhani bomba limepasuka. Wapo waliofanya hivyo, na moto uliokuwa umenywea ukainuka tena. Koki inafungwa baada ya zimamoto kuingia ndani, kutazama na kusema sasa basi.

Anayelipa bima naye asitie saini kabla hajauliza swali moja, nalo ni kama malipo yanapungua jengo likiwa na vinyunyizi vilivyokaguliwa, na ukaguzi huo ufanywe na nani na kila baada ya muda gani. Kampuni inaweza kukataa dai ikiwa koki ilikutwa imefungwa au mzigo ulikuwa wa aina nyingine kuliko ule ulioandikwa. Ukiandika nguo ukaweka magodoro, karatasi hiyo itasomwa siku mbaya.

Kichupa kikishapasuka hakirudishwi. Kinyunyizi kizima kinafunguliwa na kutupwa, kinafungwa kipya cha rangi ile ile na tundu la ukubwa ule ule, maji yanafunguliwa tena na geji inatazamwa. Kwa kazi hiyo kila jengo lenye mfumo unaotunzwa huwa na sanduku dogo ukutani, karibu na koki kuu, lenye vinyunyizi vya akiba na spana yake. Ukienda kutazama ghala la kupanga, omba lifunguliwe. Sanduku likiwa tupu au ufunguo wake haujulikani uko kwa nani, rudi kwenye mazungumzo ya kodi.